Toleo la Saba

Jikoni kwake Brno, ghorofa ya tano,
Zdislava amefungua kompyuta kando ya sufuria ya dengu.
Nje theluji imelalia nyaya za tramu.
Saa tano na robo usiku. Mume kalala, paka hajalala.

Kwenye skrini alama kumi na moja za kijani
na moja nyekundu, palepale, kama jana, kama juzi:
toleo la saba.
Wenye lugha walilizika mwaka wa nne huu,
wakaanua matanga, wakarudi kwenye shughuli zao.
Yeye bado analipelekea uji.

Programu yake ni ndogo, huria, ya yeyote:
husoma vipimo vya joto na unyevu,
hupiga kelele namba zinapokwenda upogo.
Hakuna anayemlipa. Mchana anafundisha hesabu
watoto wa miaka kumi na mitatu wasioitaka hesabu.

Na kila jipya analotaka kulijenga
sharti kwanza aliulize lile kongwe: Utaweza?
Nalo hujibu lilivyozoea kujibu.
Ndivyo msimbo ulivyoota magongo:
ikiwa ni la saba, pita huku,
ikiwa ni la saba, usiguse kile,
ikiwa ni la saba, hesabu kwa vidole.

Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.
Sawa.
Ila hawasemi ni nani
anayeamka usiku kuisokota.

Novemba alitangaza: mwisho ni Februari.
Likaja jibu moja tu, kutoka Osorno, kusini mwa Chile:
"Bibi, mashine yetu ya kukaushia shayiri
ina kompyuta iliyofungiwa ndani ya ukuta wa chuma.
Fundi aliyeifunga alihamia kaskazini na nywila zake.
Kupanda toleo hatuwezi. Ukitutupa, twende wapi?
Wako, Eleuterio Huenchumán."

Alianza kujibu kwa ukali, akafuta.
Akaanza kwa kuomba radhi, akafuta.
Dengu zikashika chini ya sufuria.

"Bwana Eleuterio, sikunyang'anyi kitu.
Toleo langu la mwisho linaloelewana na la saba
litabaki rafuni. Lichukue, linakili, lifiche kwenye diski tatu.
Litakausha shayiri kesho kama lilivyokausha jana.
Ninachokiondoa ni mimi.
Siku litakapougua, usinigongee.
Na kusema kweli mlango huu ulifungwa zamani,
niliacha tu taa ikiwaka."

Kisha akaanza kufuta. Mistari mia nne na kumi na miwili.
Magongo yakaanguka moja moja bila kishindo,
na msimbo ukasimama, mwembamba, kana kwamba umenyolewa.

Kwenye faili la tisa akakuta maneno ya Bohumír,
mwenzake wa miaka ile ya mwanzo:
"Usiguse hapa. Sijui kwa nini inafanya kazi.
Saa tisa usiku, treni imechelewa."
Bohumír siku hizi anafuga nyuki karibu na Znojmo,
barua pepe hajibu.
Zdislava akacheka peke yake, paka akageuka.
Mkono ukakaa juu ya kitufe
muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Akagusa.

Asubuhi, kabla ya kengele ya shule,
alama kumi na moja, zote kijani.
Na barua kutoka Osorno:
"Nimenakili. Diski nne, moja iko kwa dada yangu.
Shayiri imekauka vizuri.
Sasa niambie, bibi, kwa sababu mashine ya ngano
inatumia la nane: nalo linaishi hadi lini?"

Alijua jibu. Oktoba.
Hakuliandika. Alivaa koti, akatafuta glavu ya pili,
akaitazama tena ile safu:
la nane sasa ndilo lililokaa mwisho,
karibu na mlango.