Mnara wa Sahani

Mara ya kwanza niliuchora wa kioo,
mita ishirini na sita, umepinda kidogo kileleni
kama kalamu iliyochovywa wino ikasita.
Kamati ikaupenda. Katibu, Bwana Shekuwe, akasema:
"Hii ndiyo alama. Mtu akishuka stendi
ajue Malindi ina jumba la sanaa."

Jumba lenyewe halikusema kitu.
Lilikuwa bohari ya pamba, likawa darasa la wachoraji;
kuta zake za matumbawe ukiziegemea mchana
zinakutoa joto taratibu,
kama mtu anayekusikiliza.

Ndipo akaja Kadzo, fundi wa lipu,
akaukuta mchoro mlangoni, akapinda shingo, akauliza:
"Poleni. Ni nani aliyefariki?"

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi.
Usiku sikulala.
Maana hapa kwetu, ukiacha ule wa adhana,
mnara ni wa kaburi: nguzo juu ya mtu
ambaye jina limemtoka, nguzo haijamtoka.
Na ule wa jabalini, wenye msalaba,
Mreno aliusimika asisahaulike, akaenda zake.
Mmoja wa aliyekufa, mmoja wa aliyepita.
Huu wangu wa nani?

Nikafuta kioo. Nikafuta ncha.
Nikaushusha hadi chini ya mnazi wa jirani,
chuma na chokaa, ngazi ndani,
upepo uingie bila hodi.
Wa kale walipachika bakuli za kaure makaburini;
nami nikaacha mashimo mia mbili, matupu,
nikabandika tangazo: *Leta sahani unayolia.*
"Kulia chakula," akauliza Kadzo, "au machozi?"
Nikamwambia neno ni moja.

Zikaja. Ya bati, waridi lake limebanduka.
Kikombe kisicho mkono, cha muuza mahamri.
Kibakuli cha plastiki chenye alama za meno ya mtoto.
Kadzo alileta kifuu, akakipachika mwenyewe,
akasawazisha chokaa kwa kidole gumba.
"Huyu yu hai," akasema.

Katibu analalamika kuwa stendi hauonekani.
Kweli, hauonekani.

Yamebaki mashimo kumi na moja.
Moja nimelipima mara tatu: inchi tisa na robo,
saizi ya sahani ya marehemu mama, ile yenye ufa.
Naiosha. Naipangusa.
Nafika nayo mlangoni,
narudi nayo,
naipakulia wali.