Makaa ya Shimanzi

Saa nane usiku. Lango la ghala nimelitia komeo,
malori yamelala na maturubai yao.
Nimewasha jiko, si kwa baridi,
Mombasa haina baridi ya kuota moto;
ni mbu tu, na chai ya tangawizi.
Biblia nimeiegemeza kwenye birika.

Nasoma polepole, kidole chini ya neno,
hadi ua wa kuhani mkuu unaingia humu
kwa mlango wa pembeni, bila kutia sahihi daftarini.
Makaa nimeyaleta mimi.
Petro aja kuota mikono;
nanusa samaki kwenye mikunjo ya joho lake.
Kijakazi amkazia macho.
Kisha mimi mwenyewe namuuliza, kwa sauti ya lindo:
Wewe si ulikuwa naye?
Namngoja ajibu vingine, mara hii moja tu.
Aya haibadiliki.

Nilitaka kumcheka.
Kaa moja likapasuka, cheche ikaruka,
nikamwona Nyamawi kati ya askari wawili, Jumanne ile
mifuko ya sukari ilipokosa kutimia hesabu.
Huyu mwajuana?
Nikasema, salamu tu.
Miaka sita tumekula mahamri kwa mbaazi, sahani moja.

Jogoo wa Makande hajui saa,
taa za bandari humdanganya kumekucha.
Amewika.

Namimina chai vikombe viwili,
kimoja nakisogeza ng'ambo ya jiko.
Sijui namwekea yupi.