Kitambaa Cheupe

Saa kumi na moja alfajiri, Ndosho, umeme haujarudi,
na zamu yangu ya uzazi yaanza saa moja kasoro robo.
Nazungusha ufunguo. Gari linawaka,
lakini linatetemeka kama mwenye malaria chini ya blanketi mbili,
linakohoa, linataka kuzimika.

Papa Anselmi ameshafika uani, mswaki mdomoni.
"Batri," anasema.
Kwake kila ugonjwa ni batri.
Hata lile basi lililozama kwenye matope ya Sake:
alikuwepo, aliona, ilikuwa batri.

Nampigia Kakule, mdogo wangu,
anayelala Kolwezi kati ya malori marefu kuliko nyumba yetu.
Haulizi habari za asubuhi.
"Fungua boneti. Sogeza simu."
Naishikilia juu ya motere
kama ninavyoiweka pembe ya mbao kwenye tumbo la mama,
na sisi wawili, misitu na maziwa kati yetu,
tunanyamaza.

"Hakuna kinachogonga. Vizuri.
Kinachogonga ndani ni pesa, Kavugho, pesa nyingi.
Zima. Subiri kidogo. Vuta kijiti cha oili."
Navuta, nafuta, narudisha, navuta tena.
"Kahawia, au kama chai ya maziwa?"
Kahawia.
"Basi maji hayajaingia. Mshukuru Mungu,
halafu umshukuru aliyefunga ile gasketi. Yaani mimi.

Moshi una rangi gani?"
Rangi! Katika giza hili, Kakule,
hata mkono wangu sina hakika kama ni wangu.
"Tafuta kitu cheupe."
Nina koti la kazi, nimelipiga pasi ya makaa jana.
"Si koti, jamani. Kitambaa."
Navua cha kichwani.
Nakishika nyuma ya ekzosi, uso nimeugeuza,
Papa Anselmi anakanyaga esanse, amefurahi kupewa cheo.
"Kikilowa, na utamu puani, ni maji ya radieta yanaungua.
Kikinata mafuta, pete za pistoni zimechoka.
Ukikuta masizi makavu, basi gari..."

Simu inakata. Mwanamke wa kampuni
ananijulisha kwa Kifaransa kizuri sana
kwamba mimi ni maskini.

Namulika kitambaa.
Duara jeusi, kavu, kama jicho.
Nanusa: esanse mbichi.
"Batri," ananong'ona Papa Anselmi.

Basi gari nini?
Nimezalisha usiku bila daktari,
nikiuuliza mwili swali moja, kisha lingine.
Kinaingia nini? Kinatoka nini? Kimezibwa wapi?
Esanse imeingia, imetoka haijaiva.
Hili halina njaa. Halina pumzi.

Nafyatua vibano vinne vya sanduku la chujio.
Karatasi imekunjwakunjwa kama sketi ya shule,
na ndani ya kila mkunjo, barabara yetu nzima:
vumbi la mlima, jeusi, laini,
lile tunalofagia asubuhi na kulifagia tena mchana,
lile ninaloliosha kwenye mchele mara tatu.
Kumbe nawe ulikuwa unavuta hili hili.

Nalipigapiga chujio kwenye ukuta wa mawe ya volkano.
Ukuta unapokea watoto wake.

Narudisha, nabana, nawasha.
Linasita mara moja,
kisha linanguruma chinichini, sawasawa,
kama mtu anayesoma barua kimoyomoyo.

Simu inalia. Kakule amepata pa kununua salio.
"Chujio la hewa!" anapiga kelele, sijasema hata alo.
Simjibu. Namsogezea motere.
Anasikiliza muda mrefu, pesa zake zikiyeyuka.
"Mm," anasema mwishowe.
"Sasa sikia huo mkanda unavyolia.
Huo hautafika mwezi wa nane."

Saa moja kasoro dakika ishirini na tano.
Papa Anselmi ananifungulia lango,
mswaki bado mdomoni,
akiitazama boneti kwa upande wa batri.