Nafasi Nne

Mpaka wiki iliyopita, saa nane za usiku
ilikuwa ikinikuta macho, Mabatini, nahesabu mabano.
Programu ya mizani ya Mwaloni: magunia ya dagaa,
jina la mchuuzi, kilo, deni la jana.
Mstari mmoja ukihama kulia
unawavuta wote waliopanga foleni nyuma yake,
mpaka *malipo* unayakuta yamelala ndani ya *deni*
kama mpangaji aliyekosea mlango.

Kihariri changu cha zamani kilikuwa mtu wa kuchungulia jirani.
Mwenzangu wa juu kaanzia wapi? Na mimi hapohapo.
Bano limefunguka, sogea. Limefungwa, rudi.
Hakikujua kusoma, kilijua kuhesabu,
na hata bano lililojificha ndani ya alama za kunukuu
kililihesabu vilevile,
kama karani anayelipa mfanyakazi hewa.

Ng'washi, tunayechangia naye meza kule Makoroboi,
akanisakinishia kingine. Hiki, akasema, kinaotesha mti.
Mti gani?
Unaosimama kichwa chini miguu juu: mzizi angani,
kila neno limening'inia kwa mzazi wake.
Ukishuka mstari, hakimuulizi jirani.
Kinakwea tawi kwa tawi:
wewe mtoto wa nani? Na huyo naye wa nani?
Kwa kila kizazi, nafasi nne.

Nikacheka. Hilo nililijua kabla sijaishika kompyuta.
Sema: *vikapu alivyovibeba mama juzi
kutoka Kirumba, mvua ikinyesha, mgambo akifoka,
vimechanika.*
Isikilize hiyo *vi* ya mwisho.
Imevuka mvua, imempita mgambo,
imemruka hata mama mwenyewe,
ikaenda moja kwa moja kwa vikapu vyake.
Nani aliihesabia maneno?

Na shemeji Lushinge, fundi mawe wa Igogo,
havuti uzi kwa kufuata baraza la jirani.
Anagonga kwanza, anatega sikio,
mwamba chini ya udongo umeelekea wapi,
ndipo anapandisha ngazi.
Ukizitazama kutoka ziwani, nyumba zimekaa kombo.
Zipande kwa miguu yako uniambie ipi imekosea.

Basi nikakijaribu kwa makusudi mabaya.
Nikafungua bano, nikaliacha wazi, nikaenda kuchemsha chai.
Nilitegemea nikirudi faili zima limehamia Ukerewe.
Nikakuta mistari imetulia.
Pale bano lilipotakiwa kuwa
mti ulikuwa umetenga tawi tupu, lenye neno moja:
*halipo*.
Haukupiga kelele. Uliliandika, halipo,
ukaendelea kusoma yaliyobaki.

Chai ikapoa mkononi.

Masunga alikwenda Geita, machimboni.
Alituma salamu mara mbili, mara ya pili na hela ya sabuni,
kisha namba yake ikawa haipatikani. Mwaka wa sita huu.
Juzi mjumbe wa mtaa alipita na daftari.
Watoto wangapi, mama?
Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.
"Wanne."
Mjumbe akatutazama pale kibarazani, mmoja, wawili, watatu,
akatazama na mlango, labda kuna wa ndani.
Mama akatoa kijiwe kwenye dagaa, akakitupa uani.
"Andika wanne."

Luku imebaki uniti moja na pointi.
Nashuka mstari; kishale kinajongea chenyewe,
kinasimama mahali pake, kinapepesa.
Lile bano la majaribio
bado sijalifunga.