Ubao Mmoja

Badawi, ubao wako nimeupaka rangi mara tatu,
ubao ule ule wa mvule ulioung'oa
dukani kwa marehemu babako, Kibokoni,
wenye matundu mawili ya misumari nisiyoweza kuyaziba.

Mara ya kwanza uliniletea jina nyuma ya risiti:
PENANGI. Kwa herufi nyekundu, ulisema,
na chini yake, ndogo ndogo: Vyakula vya Mbali.
Mbali ni wapi, yakhe? Miaka sita
ulikuwa jikoni mwa meli ya makontena
chini ya mpishi wa Kimalei aliyekupiga mwiko wa vidole
kila ulipotia bizari kwa mkono wa kwenu.

Ganjoni, mkabala na fundi wa betri.
Meza nne. Feni yenye kikohozi.
Siku ya kwanza ukapika tambi,
na nani Mombasa asiyezijua tambi?
Tambi ni za sukari, za iliki na zabibu,
za futari, za mgeni aliyekuja bila taarifa.
Zako zilikuja na kamba na pilipili
na maji ya dagaa yaliyoozeshwa kwa makusudi,
chupa ambayo pale bandarini walikuuliza
kama ni dawa ya kupaka au ya kunywa.
Bi Rukiya akaonja, akalaza uma taratibu:
"Mwanangu, sukari imekwisha mjini?"
Miezi mitano, na fundi wa betri akapanua karakana.

Mara ya pili nilichora kijiti na moto. SATE.
Nyali, ukumbi wa kukodi, taa za rangi.
Watu wakaja na magari yao, wakatafuna, wakahukumu:
mishkaki hii, ila imepakwa njugu, imepandishwa bei.
Ulijaribu kueleza. Nilikuona ukieleza,
mikono miwili hewani, jasho, aproni mpya,
na nyama ikipoa kwenye sahani.
Kirit akatia kufuli Jumatatu. Kodi ni kodi.
Mimi hukunilipa. Ulikuja Tudor usiku
na mashina manane ya mchaichai yaliyofungwa gazetini,
ukasema, shika hii, pesa itakuja.
Nikayapanda kwenye makopo ya rangi
kwa hasira, kusema kweli, si kwa mapenzi.
Pesa haikuja. Mchaichai ulikuja.

Sasa uko uani kwa mkweo, Kuze,
sufuria moja, jiko la makaa, simu ya kupokea oda.
Nyama na tui, saa nne nzima bila kufunika,
wakoroga mpaka tui lisahau kuwa lilikuwa maji
na mafuta yajitenge kama ndugu waliogawana nyumba.
Khulinjani wanunua Marikiti kwa muuza dawa,
ambaye kila mara akuombea upone kifua.
Majani ya mndimu wayachuma kwa jirani bila kuomba.
Bi Shamsa alitoka na kipande cha mkate wa mofa,
akachota, akatafuna, akatazama ukutani.
"Nyama hii umeisahau motoni au umeikusudia?"
Nimeikusudia, mama.
"Basi ikusudie na kesho."

Hii ni wiki ya saba. Alfajiri wagonga mlango wangu
kuja kukata mchaichai, na siku hizi walipa,
shilingi kwa shina, ukihesabu kwa sauti.
Jana umeleta ubao. Nikaupiga msasa,
na chini ya SATE ikachomoza P,
nyekundu, kama kidole cha mtoto aliyejificha vibaya.
Nikakuuliza safari hii niandike nini.
Ukasema andika chochote, si watu wanaijua nyumba.
Nimepaka buluu. Haijakauka. P bado inaonekana.
Nilitaka kuongeza mkono wa pili,
ukanizuia, kisha ukaketi juu ya kopo tupu
ukaanza: "Wajua, Wavietinamu wana supu yao ya asubuhi..."

Badawi.
Supu ya asubuhi. Mwembe Tayari.

Nikafunika mkebe wa rangi, sikuukaza.