Dozi ya Nne

Ya kwanza nilimchoma paja la kulia,
saa mbili usiku, theluji ikila kingo za dirisha.
Dulamsuren hakukunja uso. Aliuliza tu:
"Je, na yeye inamuuma?"

Wiki ya ishirini na tisa.
Miligramu sita, maji yasiyo na rangi,
kichupa kisichozidi kidole cha mwisho,
nami, Tsevelmaa, muuguzi wa kondoo wengi na watu wachache,
nilikishika kama barua
aliyoandikiwa mtu asiyejua bado kusoma.
Neno lenyewe moja: Pevuka.

Maana mapafu ya njiti ni mifuko ya nailoni iliyolowa,
kuta zimegandana,
kila pumzi ni kubandua upya.
Hudai utelezi mwembamba kama povu la sabuni,
na utelezi huo mwili huupika taratibu,
kama mpishi mwenye wiki kumi na moja mkononi.
Sisi tulikuwa na usiku. Labda usiku na mchana.

Aliyesema haraka haina baraka
hakulala zahanati ya Zavhan
njia ya mkoani ikiwa imezikwa.

Saa mbili asubuhi, ya pili. Paja la kushoto.
Sukari ikapanda; nilijua itapanda.
Mtoto akapunguza mateke; na hilo nililijua,
ila mama hakulijua.
Akashika tumbo, akanyamaza.
"Amelala," nikasema. "Yumo kazini."
Nikasema kwa uhakika ambao sikuwa nao.

Nje Purevjav alichota theluji kwa koleo
tangu mlangoni hadi barabarani,
akirudi akikuta imejaa, akianza tena.
Hakuna aliyemwambia aache.

Saa mbili usiku, ya tatu.
Vidonge vya kuzuia uchungu vikaanza kuelemewa.
Nikauambia uchungu, kwa sauti, kama mwehu:
Bakisha saa kumi na mbili. Nidai mimi baadaye.

Haukubakisha. Saa tisa na dakika kumi.

Kilo moja na gramu tisini.
Nikamvika mfuko wa plastiki hadi shingoni,
kofia ya sufu, kubwa kwake kama nyumba.
Kifua kikabonyea chini ya mbavu,
kikainuka.
Kikabonyea.

Kikainuka.

Sisemi ni sindano. Namkumbuka mmoja
aliyepata zote nne, tukamfunika.
Nasema huyu alilia, sauti ya bawaba kavu,
na bibi yake, asimsikie anayesikiliza gizani,
akamwita Nergui: Asiye na Jina.

Gari lilifika adhuhuri, likawachukua wote watatu.
Kwenye trei kikabaki kichupa cha nne, kizima.
Daftarini niliandika: *hakikutumika*.
Nikakata kwa mstari.
Nikaandika: *cha mwenzake, yeyote atakayekuja*.