Leso Mbichi

Mwaka jicho halishiki, lachuruzika shavuni,
Si kwa moshi, si kwa dhiki, leso mbichi mkononi;
Jirani: "Huyu, kwa Faki, bado yumo matangani."
Kaniacha, sikumbuki, ilikuwa mwaka gani!

Chake Chake, kwa tabibu, pembe ya jicho kakaba,
"Bibi," kasema, "sababu, mfereji umeziba."
Kwa sindano, taratibu, maji ya chumvi ndo tiba;
Chumvi kooni! Ajabu, nikameza ja kibaba.

Leo shavu langu kavu, leso iko sandukuni.
Faki kaumwa na mbavu, akalazwa mwanandani;
Nikakamua kwa nguvu, hata tone, matangani!
Jirani: "Huyu mkavu wa macho, hana imani."